Maswali na Majibu: Kupima Vitamini C kwenye Forosadi, Zambarau na Rozela

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu matunda madogo yenye rangi kali, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: namba zisizokubaliana. Tumezifupisha na kuacha majina.

Nafundisha kemia kidato cha sita, Temeke. Rangi ya indofenoli (ile inayozimwa na vitamini C) hatuna, lakini kemikali za iodini, wanga na bureti, ile neli ya kudondoshea yenye vipimo, vipo. Wanafunzi wamepima forosadi za mfuko mmoja: kundi la kwanza limepata miligramu 12 kwa gramu 100, la pili 41. Na sote tunababaika kuona rangi ya mwisho. Kosa ni la iodini au letu?

Mwalimu, iodini haina hatia: vitamini C huila hadi vitamini iishe, na iodini ya ziada ndiyo inayougeuza wanga kuwa buluu, hapo ndipo kikomo. Pengo kubwa namna hiyo kwa kawaida huzaliwa kwenye blenda, kabla bureti haijajazwa. Tunda likiwa zima, vitamini C (asidi askobiki) na vimeng'enya vinavyoiharibu vimetengana ndani ya seli. Kisu kikipita, kuta zinavunjika, hewa inaingia, na uharibifu unaanza papo hapo. Kundi lililosaga kwa maji matupu kisha likasubiri zamu ya bureti nusu saa, kwenye chumba chenye nyuzi 31, limepima mabaki. Waulize nani alisubiri. Huenda ukampata mwenye 12.

Dawa yake ni asidi itangulie kisu. Yeyusha gramu 10 za asidi oksaliki kwenye lita moja ya maji yaliyokenekwa na uiweke kwenye jokofu. Ni sumu, kwa hiyo glovu zivaliwe na asiwepo wa kunyonya pipeti kwa mdomo. Pima gramu 50 za forosadi zilizotolewa vikonyo, ziweke kwenye blenda pamoja na mililita 50 za asidi hiyo ikiwa baridi, ndipo usage kwa vipindi 3 vya sekunde 10. Blenda isizunguke dakika nzima mfululizo, maana inapasha joto na kuchapa hewa ndani ya rojo. Chuja kwa kitambaa cheupe cha pamba, suuza makapi mara 2 kwa asidi (mililita 30 hivi kila mara), kamua, mimina vyote kwenye chupa ya kipimo ya mililita 250 na ujaze asidi hadi kwenye alama. Povu likiziba alama, tone la ethanoli hulivunja. Pitisha kwenye karatasi ya kuchujia na umwage mililita 10 za kwanza. Sasa kila mililita 25 za mchujo zinabeba gramu 5 za tunda.

Kwenye bureti tunapendelea potasiamu iodeti kuliko iodini iliyoyeyushwa moja kwa moja. Iodini hupotea hewani, na kwa joto la Dar chupa ya asubuhi si ile ya jioni. Iodeti haibadiliki, na iodini yake huzaliwa ndani ya chupa ya koni pale tu inapohitajika. Mizani ya shule yenye desimali 2 haiwezi kupima gramu 0.107 kwa uaminifu, kwa hiyo pima gramu 1.07 za iodeti iliyokaushwa, yeyusha hadi lita moja, kisha chukua mililita 50 za myeyusho huo na uzijaze hadi mililita 500. Umepata moli 0.0005 kwa lita. Moli moja ya iodeti hutoa moli 3 za iodini, na kila moli ya iodini huchukua moli moja ya asidi askobiki yenye gramu 176.1. Hivyo kila mililita ya bureti ni miligramu 0.264 za vitamini.

Kwenye chupa ya koni weka mililita 25 za mchujo, mililita 100 za maji yaliyokenekwa, mililita 5 za potasiamu iodidi (gramu 10 kwa mililita 100), mililita 5 za asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita, na mililita 1 ya wanga. Wanga wa muhogo unatosha: nusu gramu ukorogwe kwa maji baridi kidogo, umiminwe kwenye mililita 100 za maji yanayochemka, upoe. Tengeneza mpya kila baada ya siku 2, kwani ukichacha hutoa rangi ya kahawia badala ya buluu, na mwanafunzi atakuapia kwamba kikomo hakipo.

Kuhusu macho. Ndani ya asidi rangi ya forosadi inang'aa wekundu, ndiyo maana tumeongeza maji mililita 100. Weka kigae cheupe chini ya chupa, na pembeni yake chupa ya pili yenye mchanganyiko uleule usiotiwa iodeti. Unachokitafuta ni wekundu kugeuka ghafla kuwa zambarau iliyokolea kuelekea buluu, ukilinganisha na ile ya pembeni. Rangi hiyo ikidumu sekunde 20, funga bureti na uandike. Itafifia baadaye, kwa sababu tanini (vile vitu vya tunda vinavyokaza ulimi) na jamaa zake nazo hula iodini, ila taratibu. Anayeifukuza kila inapofifia ataongeza mililita 1 au 2 za uongo, na tunadhani huko ndiko baadhi ya namba zenu za juu zinakotoka.

Mfano wa hesabu: bureti imesoma 7.1, jaribio tupu (kila kitu isipokuwa tunda) limesoma 0.1. Zinabaki 7.0, mara 0.264, ni miligramu 1.85 ndani ya gramu 5, sawa na 37 kwa gramu 100. Majedwali ya chakula ya Marekani huweka forosadi mbichi kwenye 36 hivi na stroberi kwenye 59, kwa hiyo mpo njiani. Mapera yako juu sana, zaidi ya 200. Kwa hayo chukua mililita 5 za mchujo badala ya 25, la sivyo bureti nzima itaisha.

Na kabla ya tunda lolote, anzeni na asidi askobiki safi: gramu 1.00 ifikishwe mililita 500 kwa asidi oksaliki, kisha mililita 50 za myeyusho huo zifikishwe tena mililita 500 kwa asidi hiyohiyo. Mililita 25 za huu wa pili zina miligramu 5 na zinapaswa kula mililita 18.9 za iodeti. Mkipata 17, tatizo ni myeyusho au mizani, na hakuna haja ya kuponda hata forosadi moja siku hiyo.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nakaa Changanyikeni. Mradi wangu ni vitamini C ya zambarau kwa njia ya indofenoli. Kikomo ni waridi ya indofenoli iliyozidi, na tunda lenyewe ni waridi kabla sijaanza! Msimamizi anasema niongeze maji. Nimeongeza mara 5, sasa bureti inasoma chini ya nusu mililita. Nifanyeje?

Ndugu yetu, ushauri wa kuongeza maji ni mzuri kwa pera na stroberi. Kwa zambarau unakufungia mlango. Tunda hilo lina rangi nyingi na vitamini kidogo, miligramu 14 hivi kwa gramu 100 katika majedwali hayohayo, na maji yanapunguza vyote viwili kwa kiwango kimoja. Tazama hesabu: gramu 20 za nyama ya zambarau zikifikishwa mililita 100, kila mililita 10 zina miligramu 0.28. Rangi ya kawaida ya indofenoli hupokea takriban miligramu 0.13 kwa mililita, kwa hiyo utatumia mililita 2 na kidogo. Ukipunguza mara 5 umebaki na 0.4. Tone moja tu tayari ni zaidi ya sehemu ya kumi ya jibu lako.

Kuna ubaya mwingine usioonekana kwa macho. Indofenoli ndani ya asidi hunyonya mwanga kwenye nanomita 520 hivi, na anthosianini, zile rangi za zambarau, nazo zikiwa ndani ya asidi hunyonya karibu na hapohapo. Ukikimbilia spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaonyonywa, bila mbinu, utasoma jumla ya vyote viwili.

Njia tunayokushauri ni zailini, kiyeyushi kisichochanganyika na maji. Indofenoli iliyobaki bila kutumika hupanda kwenye zailini, ilhali anthosianini hubaki chini kwenye maji. Kwenye neli ya kioo yenye kizibo weka mililita 5 za mchujo, mililita 2 za bafa ya asetati ya pH 4 (myeyusho unaoshikilia uasidi usibadilike), kisha mililita 3 za indofenoli iliyopunguzwa nusu kwa maji, na papo hapo mililita 15 za zailini. Ziba, tikisa kwa nguvu sekunde 6 hadi 10, acha tabaka zitengane au tumia sentrifyuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), soma tabaka la juu kwenye nanomita 500 ukilinganisha na zailini tupu. Jenga mstari wako kwa miligramu 0, 0.05, 0.10 na 0.15 za asidi askobiki, zote zikipita njia ileile. Kadiri vitamini inavyoongezeka, rangi inapungua, hivyo mstari unashuka, usishtuke. Neli ya sifuri isipite ufyonzaji wa 1; ikipita, punguza indofenoli.

Mambo 3 huharibu kazi hii. La kwanza ni kuchelewa: muda kati ya indofenoli na zailini uwe uleule kwa neli zote, sekunde chache tu, kwani asidi askobiki humenyuka mara moja na tanini hufuata polepole. La pili ni maji kwenye zailini. Tabaka likionekana na ukungu, chembe za sodiamu salfeti kavu hulisafisha. La tatu ni vyombo vya plastiki: kyuveti za polistirini huyeyuka ndani ya zailini mbele ya macho yako, na mashine ya idara ikinusurika ni bahati. Tumia kioo, fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, mbali na moto.

Ikiwa zailini haipatikani, bado spektrofotomita inaweza kukusaidia. Changanya mchujo na indofenoli ya ziada, soma nanomita 520 baada ya sekunde 15, kisha dondoshea chembe kadhaa za asidi askobiki kavu na usome tena. Chembe hizo huzima indofenoli yote na kuacha rangi ya tunda peke yake. Tofauti ya masomo mawili ndiyo indofenoli iliyobaki. Si nzuri kama zailini, lakini ni ya kweli.

Hukuandika unakamulia ndani ya nini, nasi tungependa kujua kuliko tunavyotaka kujua kuhusu bureti. Kwa indofenoli tumia asidi metafosfori: gramu 15 kwenye mililita 40 za asidi asetiki na mililita 200 za maji, zifikishwe mililita 500. Inazuia vimeng'enya, inagandisha protini na inashika shaba isichochee uharibifu. Usiipashe moto ili iyeyuke haraka, maana hugeuka kuwa asidi fosfori ya kawaida na kupoteza kazi hiyo. Hata kwenye jokofu haivuki siku 10. Indofenoli nayo: miligramu 50 pamoja na miligramu 42 za sodiamu baikaboneti kwenye mililita 50 za maji, ongeza hadi 200, chuja, weka kwenye chupa ya kahawia ndani ya jokofu. Kila asubuhi ipime upya. Miligramu 2 za asidi askobiki zichukue kama mililita 15. Siku kikomo cha myeyusho huo safi kitakapokuwa butu, mwaga.

Natengeneza juisi ya forosadi Tabata na nataka kuandika vitamini C kwenye lebo. Nimepeleka chupa maabara mbili. Moja imesema miligramu 18 kwa mililita 100, nyingine 27 kwa gramu 100. Nani kanidanganya?

Dada, inawezekana kabisa hakuna aliyekudanganya. Zipo sababu kadhaa na zinaweza kukusanyika.

Kubwa ni hii. Vitamini C ipo kwa sura 2. Ya kwanza ni asidi askobiki yenyewe. Ikikutana na hewa hugeuka kuwa asidi dehidroaskobiki, ambayo mwili bado unaweza kuitumia. Indofenoli na iodini huona ile ya kwanza tu. Maabara yenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha vitu kabla ya kuvipima, inaweza kwanza kuirudisha ile ya pili kuwa ya kwanza kwa kemikali kama ditiothreitoli, kisha ikasoma jumla. Kwenye tunda lililochumwa leo tofauti ni ndogo. Kwenye juisi iliyokaa, sura ya pili huongezeka. Kwa hiyo 18 inaweza kuwa askobiki peke yake na 27 ikawa jumla. Ripoti isiyoandika imepima ipi ni nusu ripoti, irudishe waijaze.

Mililita na gramu nazo si kitu kimoja, ingawa kwa juisi yako tofauti ni ya asilimia chache tu.

Swali ambalo lazima ujiulize mwenyewe: umeweka salfaiti kuhifadhi juisi? Salfaiti hula iodini na indofenoli kama vitamini inavyokula, na maabara isiyoambiwa itakupa namba iliyonenepa. Waambie kabla. Wataifunga kwa asetoni au formaldehaidi kabla ya kupima, au wataipeleka kwenye kromatografia, ambako vitu hivyo hutenganishwa.

Halafu kuna safari. Chupa iliyokaa saa 2 kwenye foleni ya Ubungo ndani ya buti la gari imeshaanza kupimwa na jua. Chukua chupa 3 za siku moja ya uzalishaji, zijazwe hadi juu pasibaki hewa, zifungwe karatasi ya alumini, zilazwe kwenye deli lenye barafu. Andika tarehe na saa ya kukamua, saa ya kugandisha na saa ya kukabidhi. Kama unazihifadhi kwenye friza nyumbani, hizo ziachie nafasi kidogo juu, kwani juisi ikiganda hutanuka, na weka humo kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu yake. Sarafu ikikutwa imezama, umeme ulikatika kwa muda wa kutosha kuyeyusha barafu, na juisi hiyo imeyeyuka na kuganda tena bila wewe kujua. Hiyo usiipeleke kokote.

Juu ya lebo, namba ya siku ya kukamua haimsaidii mnunuzi anayefungua chupa wiki ya mwisho. Pima chupa za kundi moja siku ya kwanza, katikati, na siku ya mwisho ya muda wa matumizi, zikiwa zimehifadhiwa kama dukani zinavyohifadhiwa, kisha andika ile ya chini. Kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, iko TBS, shirika la viwango, tangu 2019, hivyo masharti ya lebo yaulize huko mapema, kabla hujachapisha karatasi elfu 5 za rangi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao huwashauri wajasiriamali wadogo. Na kwa maabara yoyote uliza kama imepata ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, *kwa kipimo hiki*. Ithibati ya kupima metali haisemi lolote kuhusu vitamini.

Nakausha rozela na forosadi Mbezi. Forosadi mbichi zilipimwa 36, zile kavu 90. Naweza kuwaambia wateja kwamba kukausha kunaongeza vitamini? Pia rozela yangu imetoka juu kuliko nilivyotarajia.

Usiwaambie hivyo. Kilichoondoka ni maji. Tuseme forosadi mbichi ina maji asilimia 88: miligramu 36 ziko kwenye gramu 12 za kitu kikavu, sawa na 300 kwa kila gramu 100 kavu. Forosadi yako iliyokaushwa, kama bado ina maji asilimia 15, ina miligramu 90 kwenye gramu 85, yaani 106. Umebaki na theluthi moja hivi. Hasara hiyo si ya aibu kwa tunda lililoanikwa juani, ila si ongezeko.

Ili ulinganishe hivyo unahitaji kipimo cha maji, na hapa wengi hukosea kwa kuliweka tunda kwenye tanuri la nyuzi 105 kama unga wa mahindi. Sukari ya tunda huungua, uzito unashuka zaidi ya maji yaliyotoka. Kwa matunda omba tanuri la ombwe (lililonyonywa hewa), nyuzi 70.

Rozela yako tunaishuku bati. Majani yake mekundu yana asidi kali kiasi; yakianikwa mabichi kwenye bati lenye kutu au wavu wa chuma, hubeba chuma kilichoyeyuka, na chuma cha aina hiyo huzima indofenoli kama vitamini. Maabara inaweza kukagua haraka: mchanganyiko wa sehemu sawa za mchujo na asidi ya kukamulia, mililita 10, unatiwa matone 2 ya methilini bluu ya asilimia 0.05. Buluu ikitoweka ndani ya sekunde 5 hadi 10, kuna mvamizi humo na namba ya indofenoli haifai. Kwako suluhisho ni rahisi zaidi: anika kwenye wavu wa nailoni, kivulini penye upepo.

Kipimo hicho kimoja hakiwezi kutoa vitamini zote kwa pamoja? Gharama zinatuumiza. *(Kikundi cha akina mama, Mbagala)*

Hapana, mama zetu. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na hutaka asidi baridi. Vitamini A ya matunda hutokana na karotini, ambazo hukamuliwa kwa asetoni na heksani gizani, kisha husomwa karibu na nanomita 450. Folate, vitamini ya kundi B, kwa desturi hupimwa kwa bakteria hai: wanawekwa kwenye chakula chenye kila kitu isipokuwa folate, wanaongezwa sampuli, na kesho yake unaangalia wameota kiasi gani. Ni kazi 3, mafundi 3, bei 3. Kwa forosadi na zambarau lipieni C. Kama mna maembe, hapo karotini ina maana.

Nipo Kigamboni, sina maabara. Dawa ya kidonda ya kahawia kutoka duka la dawa ina iodini. Naweza kulinganisha stroberi na forosadi nyumbani na watoto?

Unaweza kulinganisha. Kutoa namba ya kuandika popote, hapana. Dawa hiyo, povidoni iodini ya asilimia 10, ina miligramu 10 hivi za iodini inayofanya kazi kwa mililita. Chukua mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ongeza maji hadi 50. Chemsha maji yote unayotumia na uyapoze, ili klorini ya bomba itoke. Wanga ni maji ya wali yaliyochujwa.

Tengeneza kwanza kipimo chako: kidonge cha vitamini C cha miligramu 100, kisicho na rangi, kwenye lita moja ya maji. Chukua mililita 20 zake (miligramu 2), kijiko cha maji ya wali, kisha dondosha iodini tone moja moja huku ukizungusha, hadi buluu idumu sekunde 20. Tegemea matone 55 hadi 60 hivi, kulingana na ukubwa wa tone lako. Sasa ponda gramu 50 za tunda kwa kijiko cha mbao pamoja na maji ya ndimu? Hapana! Ndimu ina vitamini C yake na itaharibu hesabu yote. Tumia siki nyeupe vijiko 2 na maji, fikisha mililita 250, chuja, chukua mililita 20, hesabu matone. Tunda lililokula matone mengi lina zaidi. Fanya mara 3 kwa kila moja, na umalize kila jaribio ndani ya dakika 10 tangu uponde.

Ukitaka maji safi zaidi ya yale ya kuchemsha, vituo vya mafuta huuza maji ya betri. Soma chupa vizuri: pembeni yake hukaa asidi ya betri, chupa zinafanana, na baadhi ya wauzaji huziita zote kwa jina hilohilo. Isiyoandikwa wazi kwamba ni maji yaliyokenekwa usiibebe. Na vyote vilivyotiwa iodini vimwagwe chooni, hata kama stroberi bado inanukia.